Ovaroli ya Bochaberi

Mashine ya kuchuma majani chai ilipoletwa kwenye shamba alikofanya kazi Bochaberi, kitu cha kwanza alichokiona kikitoka katika mfuko wake ni kinyonga aliyekatwa vipande. Wanaume wawili walikuwa wameishika, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, wakiipitisha juu ya michai kama watu wanaonyoa kondoo, na nyuma yao mfuko mrefu ukifura. Walipoumwaga penye mizani yakatoka majani, vikonyo, vijiti, magugu, kiota cha ndege, na yule kinyonga, mkia wake bado umejikunja. Bochaberi aligeuza uso. Yeye alikuwa amechuma kwa mikono tangu usichana wake, majani mawili na kichipukizi, na nyapara alikuwa na tabia ya kumrudishia kikapu kizima kwa sababu ya jani moja gumu. Leo uchafu wote ule ulipakiwa kwenye trela, na nyapara yuleyule alisimama kando akichokonoa meno.

Haukupita muda mrefu wanawake wakaambiwa kwamba kazi yao imekwisha, na pamoja na kazi zikaenda nyumba za kampuni walizokuwa wakikaa. Bochaberi alikuwa mjane. Mume wake, Sagini, aliugua kifua akafa, akamwachia binti mmoja, Nyamusi, aliyekuwa akisoma shule ya kutwa. Kwao Kisii hapakuwa na mahali pa kurudi, kwa maana kaka zake walikwisha kukigawa kishamba cha baba yao mpaka kikawa kama leso. Palibaki mahali pamoja tu, kwa baba mkwe wake, Mzee Onyancha, ambaye naye alikuwa amechuma chai ujana wake wote, akajinyima, akanunua kipande cha ardhi karibu na Kapsoit. Mzee alimwonyesha kona moja chini ya mikalitusi akamwambia ajenge. Hakukuwa na hati wala shahidi. Palikuwa na neno la mzee, basi.

Shemeji yake, Bosire, alikuwa ameitolea macho kona hiyo siku nyingi, akitaka kujenga zizi la ng'ombe wa maziwa. Hakuwahi kumtukana shemejiye wala kumfukuza. Alikuwa akimtazama tu, kama mtu anayemngojea mwenzake ateleze. Bochaberi naye aliyajua macho hayo, na alijua kwamba kinachomweka pale ni adabu yake. Akiikosa, Bosire hatahitaji kusema neno. Ukoo utasema kwa niaba yake.

Na adabu kubwa kwa Wakisii, baina ya mtu na mke wa mwanawe, ina jina lake: chinsoni. Bochaberi hakumpa mzee mkono. Hakuingia chumba alicholala. Mzee naye hakuwahi kukanyaga kizingiti cha kibanda cha Bochaberi. Akiwa na jambo alisimama mbali akakohoa, au alimtuma mkewe, Nyabate. Ama habari ya mkaza mwana kupanda juu ya paa la nyumba anamolala baba mkwe wake, hiyo hata haikuwa ikikatazwa, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba ingeweza kutokea.

Ndipo ulipokuja mradi. Ulitangazwa kanisani: watu waliopoteza kazi kwenye mashamba ya chai wafundishwe ufundi wa umeme wa jua, waingie katika kazi mpya, kazi safi. Bochaberi alijiandikisha pamoja na Chepngeno, Mkipsigis mwenye mdomo mwepesi ambaye walikuwa wamechuma naye mistari ya jirani kwa miaka na kunywa chai ya chupa moja. Siku ya kwanza walikuta bango kubwa ukumbini, na chini kabisa ya bango, mahali ambapo wengi hawatazami, Bochaberi akaiona nembo ya kampuni ileile iliyoleta mashine. Alimgusa Chepngeno kwa kiwiko.

"Nimeiona," Chepngeno alisema. "Walitutoa kwa mlango, sasa wanatuingiza kwa dirisha na keki."

Keki zilikuwepo kweli, na soda, kila siku saa nne. Alikuwepo pia Fancy, afisa wa mradi, binti wa Bomet aliyesomea Nairobi, mzuri wa sura na mtamu wa maneno. Aliwaita mashujaa. Aliwaambia kwamba wao ndio mpito wenyewe, na wanafunzi wakapiga makofi, maana alikuwa amemaliza sentensi. Asubuhi aliwasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja. Kisha alirudi mezani kwake, akatoa begini kitambaa chenye dawa, akajifuta kila kidole. Wengine hawakuwa wakimwona. Bochaberi alimwona kila asubuhi, na keki ikawa haishuki.

Mwalimu wao, Jackton, alikuwa mtu mpole aliyeijua kazi. Aliwafundisha paneli, betri, nyaya, na jinsi ya kutafuta upande wa jua. Kwa mazoezi alitengeneza paa la mfano: mabati yamepigiliwa kwenye mbao, limelazwa uani, kimo chake kama goti. Juu ya paa hilo kila mtu alipanda, wanaume kwa wanawake, wakakaza bolti na kucheka. Lakini walipohamia kwenye paa la ukumbi wenyewe, wanaume walichukua ngazi bila kuambiwa na wanawake wakabaki chini, wakipima nyaya, wakifunga swichi, wakipitisha vifaa juu. Hakuna aliyeamua hivyo. Katika darasa lile walikuwemo baba wakwe wa watu, na mashemeji, na majirani wa mashemeji, na kila mmoja alijua. Jackton aliliona jambo lile, na kwa kuwa hata kwao kuna mambo ya namna hiyo, aliliacha lilivyo. Kumweleza Fancy hakuna aliyemweleza. Kutaja jambo kama hilo mbele ya wanaume ni aibu pia, tena ni nusu ya kulitenda.

"Sisi watatupa vyeti vya kushika ngazi," Chepngeno alinong'ona siku moja, na Bochaberi akacheka mpaka akaangusha koleo.

Mafunzo yakikaribia mwisho, Fancy alimwita Bochaberi pembeni, akamshika bega. Wageni wanakuja, wafadhili wenyewe, na watapiga picha ya video. Nyumba moja itafungwa sola kama zawadi. Na kuna kampuni inayofunga sola mashuleni na zahanati ambayo imeahidi kuajiri. Mama atakayeonekana kwenye video ndiye wa kwanza kuchukuliwa.

"Nyumba ya nani?" Bochaberi aliuliza.

"Ya kwenu, Mama Nyamusi. Ile ya udongo ya mzee. Iko karibu na barabara, magari yatafika."

"Na nani atapanda?"

"Si ni wewe."

Bochaberi alimweleza polepole, kwa sauti ya chini, kama anavyomweleza mtoto wa watu, kwamba pale analala baba mkwe wake na yeye hawezi kusimama juu yake.

"Lakini mzee hatakuwa ndani. Tutamweka nje kwa kiti."

"Paa ni lake, Madam, hata akiwa Mombasa. Nipeleke kiwandani. Nipeleke shule ya Kiptere, nipeleke kanisani, mahali popote pasipo na mkwe wangu. Nitapanda leo."

Fancy akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema shule haina hadithi. Wafadhili wanataka kumwona mama wa chai akijiwashia taa nyumbani kwake, hilo ndilo linalogusa moyo. Mambo ya kuogopa paa ni mambo ya zamani, na mradi huu ulikuja hasa kuyamaliza.

"Na wewe, Madam, kule Bomet, ungepanda nyumba ya baba mkwe wako?"

Fancy alitazama kucha zake. "Mimi bado sijaolewa," alisema.

Hapo ndipo roho ya Bochaberi ilipochafuka hasa. Kama Fancy angekuwa mgeni asiyejua, angemsamehe. Lakini binti huyu alilelewa na mama wa Kikipsigis aliyemfundisha akae wapi, apite wapi na asipite wapi. Alijua vizuri. Alijua, akaweka kando, kwa vile aliyekuwa akipandishwa si yeye.

Jioni alimweleza mama mkwe wake. Nyabate alijipiga mapaja. Mzee, kumbe, alikwisha kutembelewa na Fancy na kuambiwa habari ya zawadi, na tangu hapo alikuwa ameshika jembe akilainisha ua, akiimba. Alidhani atakayepanda ni Jackton, nani mwingine? Walishauriana kama wamwambie, wakaona hakuna kinywa cha kumwambia.

"Hao ni watu wazima wenye akili," Nyabate alisema mwishowe. "Hawatakushurutisha mbele ya wazee. Wewe nenda, ufike pale, useme hapana kwa heshima."

Siku ile magari yalipanga foleni mpaka barabarani. Kabla ya lolote, mpiga picha alizunguka ua akipanga mambo. Aliondoa kiti cha plastiki alichokalia mzee, akaomba kigoda. Aliona sketi nzuri ya shule ya Nyamusi kwenye kamba, akaitoa. Shati la mzee lililotoboka akaliacha. Watoto wa jirani aliwaambia wavue viatu. Mfadhili mmoja, mwanamke mnene mwenye kofia, alisema kuta za udongo zina rangi ya kupendeza sana. Bochaberi alisimama mlangoni mwa jiko akitazama, na mate yakamjaa mdomoni kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyooza. Siku zote alijitahidi wageni wakija wakute pasafi. Hawa walikuwa wamesafiri kutafuta uchafu, na walipoukosa wakaupanga wenyewe.

Alikuwa amevaa ovaroli mpya ya buluu aliyopewa asubuhi, na suruali yake ilimwaibisha mbele ya mzee tangu mwanzo. Mgongoni ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa manjano: BOCHABERI, na chini yake, MAMA WA SOLA. Fancy akamvisha helmeti, akamwelekeza kwenye ngazi.

Mzee Onyancha alipoona ni nani anayekwenda penye ngazi, aliinuka kwenye kigoda. Aliuchukua mkongojo wake, akaenda nyuma ya banda la kuku, akasimama akiyatazama mahindi. Mpiga picha akakimbia kumpiga picha ya mgongo. "Mzee ameguswa," yule mwenye kofia alisema, na Fancy akaitikia kwa kichwa, huku akijua, huku akitabasamu.

Bochaberi alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili. Aliwaza ajira. Aliwaza Nyamusi. Kisha akaliona jicho la Bosire. Shemeji yake alikuwa amesimama kwenye lango, mikono amekunja kifuani, na usoni mwake kulikuwa na kicheko kidogo, kile cha mtu ambaye basi lake limeonekana kwenye kona. Zizi lake ni kama lilikuwa tayari. Ilibaki Bochaberi ainue mguu tu.

Akaivua helmeti.

"Sipandi," alisema. "Madam nilikwisha kumwambia, na leo nasema mbele yenu. Hapa ni kwa baba yangu mkwe. Sipandi."

Wageni wakataka kujua amesemaje, na Fancy akawatafsiria kwamba mama anaogopa kupanda juu. Wakamhurumia. Mmoja alimpigapiga mgongoni.

Mambo hayakuishia hapo, kwa kuwa magari yalikuwa yamekuja na siku ilikuwa imelipiwa. Fancy alimfuata jikoni, akanong'ona kwamba basi ampe hiyo ovaroli. Bochaberi aliivua haraka kama mtu aliyeingiwa na siafu, akabaki na gauni lake, akafurahi. Hakufikiri zaidi. Fancy akaivaa, akaficha nywele chini ya helmeti, akapanda ngazi huku Jackton akiishika na kutazama chini. Kule juu akapiga magoti, akaizungusha bolti ambayo Jackton alikuwa ameikaza tangu asubuhi. Droni ikapanda ikinguruma, kuku wakatawanyika. Mzee Onyancha, alipoona aliye juu ni msichana wa watu asiye mkwe wa mtu pale, alirudi akakaa. Taa ilipowaka alipiga makofi, masikini, kwa moyo wake wote.

Video ikatoka. Uso hauonekani, unaonekana mgongo tu, na mgongoni jina. Bosire alikuwapo siku ile na aliona kila kitu kwa macho yake mawili, lakini aliituma kwenye kundi la ukoo bila maelezo yoyote, akaweka simu mfukoni. Simu zikaanza kulia kutoka Kisii. Je, ni kweli mke wa marehemu Sagini amepanda juu ya baba yake mkwe, tena kwa suruali, tena akachekewa na Wazungu? Je, mzee bado analala humo? Na mwanamke huyo anangoja nini hapo?

Mzee Onyancha, ambaye katika maisha yake hakuwahi kulitaja jina la mkaza mwana wake mbele ya watu, alilazimika kulitaja. Nyabate alimsimulia Bochaberi jinsi alivyoishika simu, akawaambia wazee wa ukoo: "Si yeye. Mimi nilikuwepo. Si yeye." Aliyasema hayo kwa kila aliyepiga. Wengine waliamini. Wengine walisema mzee anamfunika.

Katika siku hizo hizo Fancy alimpigia Bochaberi akiwa na furaha tele. Video imependwa. Kampuni imeiona na inamtaka Bochaberi, huyo huyo wa kwenye video, aanze kazi. Kuna jambo dogo tu: akiulizwa, aseme ni yeye aliyepanda. Si uongo mkubwa. Ovaroli ni yake, jina ni lake, nyumba ni yao. Aende ofisini akaichukue hiyo ovaroli, aanze.

Bochaberi aliomba muda. Alikwenda jikoni kwa Nyabate akamweleza, na mama mkwe akaendelea kuchambua maharagwe.

"Kazi ni nzuri," Nyabate alisema. "Mimi siwezi kukuambia uiache. Lakini mzee amekuapia. Ukienda kusema ulipanda, yeye atakuwa amewadanganya watu wa kwao, na wewe hutakuwa na mtu wa kukusemea tena hapa."

Bochaberi alimrudia Fancy kwa simu, akasema hapana. Fancy alihema, akasema ni sawa, mama, ila wengi wangeshukuru. Baada ya simu kukatika, Bochaberi aliosha sikio lake kwa maji ya mtungi. Alijiona mjinga kufanya hivyo, akaliosha la pili.

Akarudi kuchuma. Huko Kiptere wakulima wadogo bado wanachumisha kwa mikono, na mkono wake haukuwa umesahau. Bosire alinyamaza, kwa kuwa mzee alikuwa amekwisha kusema. Nyamusi alisomea usiku kwa mwanga wa nyumba ya babu, akikaa sebuleni karibu na bibi yake.

Siku moja, akirudi kutoka Kiptere na mzigo wa sukuma wiki mgongoni, Bochaberi alipita karibu na shule moja ambako mafundi walikuwa wakifunga paneli. Akasikia mtu akiita kutoka upande wa pili wa paa.

"Bochaberi! Leta hiyo waya nyeusi!"

"Naleta!" ikajibu sauti aliyoijua kama sauti yake mwenyewe.

Alisimama. Juu ya paa alikuwa Chepngeno, ndani ya ovaroli ya buluu, uzi wa manjano ukiwaka mgongoni. Chepngeno alimwona pia. Waya ukabaki mkononi. Aliteremka ngazi polepole, akaja mpaka kwenye uzio, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na mzaha.

"Walisema ni jina la kazi tu," alisema. "Mama Nyamusi, unajua mume wangu anavyokunywa. Unajua watoto ni wangapi."

"Najua."

"Wewe ulikataa. Mimi shule hii haina mkwe wangu."

"Kazi chukua," Bochaberi alisema. "Siwezi kukunyima. Lakini kila unapoitikia huko juu, Kisii wanasikia Bochaberi wa video yuko kazini, na kuna mtu anasema mzee wangu ni mwongo. Nipe jina langu."

Alikuwa amejiandaa kumchukia, na chuki ilikuwepo, imekaa kooni pamoja na harufu ya zile keki. Chepngeno alivua ovaroli mpaka kiunoni, akauvuta mgongo wa nguo kwa ubavuni ukaja mbele. Akatoa kisu cha kumenyea nyaya. Bochaberi alitua mzigo wake, akauzuia ubao wa uzio kwa goti, akakitandaza kitambaa cha ovaroli juu yake, akakivuta kikakaza, na Chepngeno akaanza kukata uzi, herufi baada ya herufi, kwa uangalifu ili asitoboe nguo ya kazi. Vipande vya manjano vilianguka kwenye nyasi.

"Bochaberi!" yule fundi wa juu akaita tena, amechoka kungoja. "Uko wapi?"

Chepngeno alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga.

"Bochaberi ameenda kwake," mwenye jina alijibu, akainua mzigo wake wa mboga.